Kufundisha kikosi cha dharura ya gesi yenye sumu: anza na miguu yao

Siku ya kwanza ya mafunzo sitamki neno gesi. Nawapa wanafunzi chai na mandazi, najitambulisha, halafu namtuma mmoja wao, ambaye tumeshapanga naye tangu jana, aende nyuma ya stoo kuleta viti. Huko nyuma kuna tangi kuukuu la maji, la zege, limekauka miaka mingi, lina mdomo wa mraba juu na ngazi ya chuma ndani. Dakika 2 baadaye mwenzake, ambaye naye tumepanga, anapiga ukelele: "Ameanguka! Ameanguka ndani!" Mimi nabonyeza saa.

Katika kundi la mwisho walikuwa watu 16. Wa kwanza aliingia tangini baada ya sekunde 11. Wa pili alimfuata kabla wa kwanza hajakanyaga chini. Nilipopuliza filimbi, watano walikuwa ndani na wa sita ameshika ngazi, viatu ameshavua. Kila aliyeingia namfunga uzi mwekundu mkononi. Uzi huo maana yake ni marehemu. Marehemu hukaa benchi moja hadi saa sita, wakitazama tu, bila kuuliza swali wala kushika kifaa. Wanachukia ajabu. Kijana mmoja wa boda boda kutoka mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, alinijia usoni, akiniita mwalimu kwa Kijaluo: "Japuonj, lakini yule ni ndugu yetu. Ningemwachaje?" Nikamwambia, ndiyo sababu uko benchi.

Usianze na somo la kemia. Mtu anayejua majina ya gesi 10 lakini miguu yake inakimbia yenyewe anaposikia kilio ni hatari kuliko asiyejua kitu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa kazini, ilitoa onyo mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watu wanaofia kwenye matangi, mashimo na sehemu nyingine finyu ni wale walioingia kuokoa. Nasoma takwimu hiyo mbele ya benchi la marehemu, mara moja tu. Haihitaji kurudiwa.

Nina sababu yangu pia. Nikiwa kijana nilikuwa kwenye kikosi cha usalama cha kiwanda fulani cha Bonde la Ufa, sikitaji. Vibarua wawili walilala chini ya shimo la majitaka. Mkubwa wangu wa zamu alilowesha kitambaa maji, akajifunga puani, akashuka. Nilimshika ukosi wa shati kumzuia, kifungo kikakatika kikabaki mkononi mwangu. Tulimvuta kwa ndoano ya paa. Yeye aliishi, wale wawili hawakuishi. Kitambaa chenye maji huzuia vumbi. Gesi hupita kama mgeni aliyekaribishwa. Na mtungi wa hewa tuliokuwa nao siku hiyo ulikuwa mtupu, maana ulitumika kwenye maonyesho ya wageni wiki iliyotangulia na hakuna aliyeupeleka kujazwa.

Goshini na demani

Somo linalofuata ni upepo, nami nalitengea siku nzima. Mwalimu wangu alikuwa mtu wa Mombasa aliyekulia kwenye majahazi. Upande upepo unakotoka aliuita goshini, upande unakoelekea akauita demani, nami nikayabeba maneno hayo mpaka huku ziwani. Ni mafupi na hayafanani, kwa hiyo hata redio ikikwaruza yanasikika. Ukisema "njooni upande wa juu" hapa Kisumu, nusu ya watu wataelekea Kajulu kwenye vilima, na ukisema "chini" wataelekea ziwani, upepo utake usitake.

Kila mwanafunzi anapewa utepe wa leso kuukuu, upana wa vidole 2, urefu wa mkono, aufunge kwenye kijiti. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, ikapigwa marufuku Agosti 2017, na kwa kweli leso ni nzuri zaidi, haipigi kelele. Wanatembea nao mtaani: kwenye kona ya ghorofa, kati ya vibanda vya mabati, ukingoni mwa mtaro. Wanaandika utepe unaelekea wapi kila mahali. Wanarudi wakibishana, kwa sababu nyuma ya jengo moja upepo unazunguka na kurudi ulikotoka. Waache wabishane. Wameshaelewa kwamba bendera iliyo juu ya paa haielezi kinachotokea magotini pako.

Kisha linakuja jambo la Kisumu lenyewe. Wavuvi wa Dunga wanalijua tangu utotoni: usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja mjini. Kwa hiyo mimi huanza zoezi saa tatu asubuhi makusudi. Nachoma nyasi mbichi ndani ya pipa, huo moshi ndio gesi yetu. Wanapima upepo vizuri, wanaweka meza ya amri goshini, yaani upande wa nchi kavu, wanatandika turubai, wanapanga ndoo za maji. Kila kitu sawasawa. Mimi nanunua njugu nakaa kivulini nasubiri.

Kati ya saa tano na saa saba moshi unasimama wima kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Halafu unainama kuelekea mezani. Mara ya mwisho aliyeona kwanza alikuwa mama mmoja muuza samaki, ambaye alikuja kama mjumbe wa Nyumba Kumi na ambaye vijana walimpa kazi ya kugawa maji ya kunywa. Alisema, bila kupaza sauti, "Upepo umekufa. Sasa unarudi." Kiongozi wa zoezi alikuwa bado anachora mchoro ubaoni, mgongo ameupa pipa. Moshi ulimfika katikati ya sentensi. Tangu siku hiyo kila kikosi ninachofundisha kina mtu mmoja asiye na kazi nyingine yoyote ila kutazama utepe, na mara nyingi namchagua mvuvi au mtu aliyelelewa na wavuvi.

Siku ya tukio lenyewe, gari au pikipiki isimamishwe mbali, injini izimwe, watu watazame kwanza: utepe, majani ya miti, moshi wa majiko. Wakaribie kutoka goshini. Kwa uvujaji mdogo wa klorini, miongozo inaanza na kuondoa watu mita 60 pande zote, halafu upande wa demani unalindwa mbali zaidi ya hapo, na usiku mbali zaidi sana kuliko mchana, kwa sababu hewa ya usiku imetulia na gesi hulala pamoja badala ya kutawanyika. Anayekimbia asikimbie mbele ya upepo, kwani gesi inasafiri naye. Akate upepo kwa ubavu.

Kuhusu gesi nzito huwa nawasimulia Ziwa Nyos, Cameroon, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Ziwa lilitapika kaboni dayoksaidi, gesi ileile ya soda, ikateremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Gesi nzito huenda kama maji, hutafuta bonde, mtaro, orofa ya chini. Basi, nikimaliza, nawauliza: kwenu mtaro unapita wapi? Wanakaa kimya wakihesabu nyumba.

Gesi ya mtaa wako

Usifundishe gesi zote za dunia. Chora ramani ya mahali wanapoishi, na kila mmoja aseme anachokijua. Utashangaa wanavyojua.

Mitambo ya maji: klorini. Ni nzito karibu mara mbili na nusu ya hewa, rangi ya manjano kijani, harufu ya jiki kali. Lita 1 ya klorini iliyo kimiminika ikifunguka inakuwa zaidi ya lita 400 za gesi. Ikifika sehemu 10 kwa milioni, mahali hapo ni hatari kwa uhai. Silinda ikivuja, usiipige maji hapo inapovuja. Klorini na maji hutengeneza asidi, asidi inakula chuma, na tundu la sindano linakuwa tundu la kidole. Ikiwezekana igeuzwe ili tundu liwe juu, itoke gesi badala ya kimiminika. Kutafuta tundu, fundi hulowesha kitambaa kwa amonia ya maji, akakifunga kwenye kijiti na kukipitisha kando ya valvu: panapovuja hutoka moshi mweupe. Nawaonyesha jambo hili kwa kikombe kidogo, nje, goshini, kila mtu na miwani yake. Hawalisahau.

(Nyumbani pia. Jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa klorini hiyohiyo. Akina mama wengi darasani wameshakohoa chooni bila kujua ni kwa nini.)

Vyumba vikubwa vya baridi na viwanda vya barafu: mara nyingi amonia. Vitabu vinasema ni nyepesi kuliko hewa, na ni kweli, lakini inapofyatuka ikiwa baridi hutambaa chini kama ukungu mweupe, kwa hiyo usimwambie mtu "itapaa yenyewe". Amonia inapenda maji mno: pazia la maji ya kunyunyiza linaikamata hewani. Ila dimbwi la amonia lisipigwe maji, litachemka na kutoa wingu kubwa zaidi.

Maghala ya mahindi, kuanzia Nakuru hadi Kitale: fosfini, inayotoka kwenye vidonge vya kufukiza wadudu. Vidonge hivyo huamshwa na unyevu, hivyo mtu wa kwanza kumwaga maji kwenye ghala ndiye anayeongeza sumu. Kuna familia hulala chumba kimoja na magunia yaliyofukizwa. Hilo wafundishe wafundishe tena.

Molo na Mau, kwenye baridi: jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inashikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Gesi hiyohiyo huua kisimani huku magharibi, mtu anaposhusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Pampu inanguruma kule chini, fundi anashuka kurekebisha paipu, hapandi.

Na kila mahali, shimo la choo na tangi la majitaka: haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza. Wanaofanya kazi kwenye visima vya mvuke vya Olkaria wanaijua pia. Pua huinusa hata kabla haijafika sehemu 1 kwa milioni, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ikifika takriban 100, pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache, harufu inatoweka, mtu anasema "imeisha" na kuendelea kushuka. Kwenye 500 hadi 700 anaanguka. Pua ni bawabu anayelala adui anapofika mlangoni.

Kipima gesi na yale kisiyoyaona

Kipima gesi cha kawaida kinasoma vitu 4: oksijeni, gesi za kuwaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Waandike hivyo vinne kwenye kiganja. Sababu ni kwamba nimeona mtu mzima, mwenye cheti, akikaribia uvujaji wa klorini huku kipima chake kimenyamaza, akiwaambia wenzake kuko salama. Kipima kile hakina jicho la klorini. Hakina jicho la amonia wala la fosfini. Kunyamaza kwake hakumaanishi kitu kwa gesi ambayo hakikuundiwa.

Kila asubuhi kijaribiwe kwa gesi ya majaribio kabla hakijatoka stooni. Kiwashwe kwenye hewa safi, kisome oksijeni asilimia 20.9. Chini ya 19.5, haingii mtu bila mtungi wa hewa. Kengele ya haidrojeni salfaidi huwekwa sehemu 10 kwa milioni, ya kaboni monoksaidi 35. Shimoni pima juu, katikati, chini, na kama unatumia paipu ya kufyonza, subiri hewa ifike kwenye mashine, kwani paipu ndefu inachelewa. Wanafunzi wana haraka, wanachovya na kuchomoa kama wanaopima mafuta ya gari.

Mzee mmoja wa Ahero aliniambia babu zake walishusha kuku kisimani. Wengine hushusha mshumaa. Nikamwambia, mzee wangu, mshumaa unaweza kukuambia oksijeni imepungua, lakini haujui haidrojeni salfaidi, na shimo likiwa na gesi ya kuwaka mshumaa huo ndio kiberiti. Kuhusu kuku sikubishana naye. Kuku angalau anashuka badala ya mtu.

Mtungi mgongoni

Kwanza ondoa mkanganyiko wa barakoa. Barakoa ya kichujio haitengenezi hewa, inachuja tu iliyopo, na kila kichujio kina gesi zake: cha kijivu ni cha gesi kama klorini, cha kijani ni cha amonia. Ni cha kukimbilia nje, au cha kufanyia kazi mahali palipopimwa pakajulikana. Shimoni na kwenye wingu usilolijua, ni mtungi wa hewa mgongoni, ule wazimamoto wanaouita BA.

Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi shinikizo la baa 300 una lita 1,800 za hewa. Ukivuta lita 40 kwa dakika, ni dakika 45. Nawaandikia hesabu hiyo ubaoni, halafu nawavalisha na kuwatuma wapande ngazi wakibeba gunia la mchanga. Wengi filimbi ya akiba inawalilia kabla ya nusu saa, kuna mmoja alimaliza kwa dakika 19, jitu la miraba minne, mchezaji wa raga. Woga unakunywa hewa. Kila mmoja anaandika dakika zake mwenyewe kwenye kadi, na kadi hiyo inakaa kwa msimamizi mlangoni, kwa sababu hesabu ya ubaoni ni ya mtu ambaye hayupo. Theluthi ya hewa ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

Ndevu zinyolewe. Hapa ninapata ugomvi, wengine ni kwa dini, na siwalazimishi: mwenye ndevu anapewa redio, utepe, orodha ya majina, kazi zenye heshima yake. Lakini mtungi havai. Barakoa inaziba kwenye ngozi, na unywele mmoja ni mlango.

Kujaza mitungi ni ghali, kwa hiyo usiiteketeze yote kwenye mazoezi. Nusu ya mazoezi tunafanya na barakoa iliyobandikwa karatasi ya kufungia mkate ndani ya kioo, mtu aone mwanga tu. Anapapasa ukuta kwa mgongo wa kiganja, anahesabu milango, anafuata kamba kurudi. Mwenzake yuko naye, hawaachani. Na wakati wawili wako ndani, wawili wengine wako nje wamevaa tayari, barakoa tu ndiyo haijabanwa.

Shimoni

Kanuni ya shimo ni kwamba asiye na kamba haingii, na kamba ifungwe kabla ya kuingia. Tunasimika miguu mitatu ya chuma juu ya mdomo, winchi, mkanda wa mwili wenye pete mgongoni. Hapo mtu akizimia anavutwa bila mwingine kushuka. Kwa zoezi natengeneza "Ochieng wa mchanga", magunia yaliyoshonwa pamoja, kilo 70, yamevishwa ovaroli. Kumtoa mita 4 chini kusizidi dakika 2. Mara ya kwanza huchukua 7, kwa sababu kila mtu anatoa amri. Namteua mmoja tu wa kusema "vuta" na "simama". Wengine midomo nimeifunga, mara nyingine kwa plasta, tukicheka.

Jambo ambalo hata mafundi wa vyoo wenye uzoefu hawalijui vizuri: gesi nyingi imejificha ndani ya tope lenyewe. Unapima, kipima kinasoma vizuri, mtu anashuka, anakoroga tope kwa koleo au kwa gambuti tu, na gesi inafyatuka kama soda iliyotikiswa. Kwa hiyo kipima kinabaki kifuani mwake muda wote, na feni inaendelea kupuliza hewa safi ndani. Feni ivute hewa goshini, mbali na ekzosi ya jenereta na ya lori la kunyonya majitaka. Nimeshaona feni nzuri mpya ikisukuma moshi wa jenereta shimoni kwa bidii kubwa. Wala usipulize oksijeni ya hospitali au ya kuchomelea ukidhani unasaidia. Oksijeni ikizidi, cheche ndogo inawasha ovaroli.

Mwajiri anayesema vifaa hivi ni ghali umkumbushe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamgusa yeye kwanza, kabla ya kibarua.

Kuvua nguo mbele ya watu

Waliotoka kwenye wingu wanapelekwa goshini, wanavuliwa nguo, wanaoshwa kwa maji mengi. Kuvua nguo peke yake kunaondoa sehemu kubwa ya sumu iliyowang'ang'ania. Ni rahisi kuandika. Sasa jaribu kumwambia mama mkwe wa mtu avue kando ya barabara ya Kondele, vijana 200 wamesimama na simu zao. Atakufa na nguo zake. Kwa hiyo kikosi kiwe na wanawake, na kiwe na turubai 2, vigingi 8, na leso 20 safi kwenye mfuko uliofungwa. Tunafanya zoezi la kusimika vyumba viwili vya turubai, cha kike na cha kiume, kwa dakika 4. Nguo zilizovuliwa zinafungwa kwenye gunia la nailoni lenye jina. Simu na pesa kwenye kibahasha, mbele ya shahidi. Bila shahidi, kesho utaitwa mwizi.

Macho yaoshwe kwa maji safi dakika 15 zisizopungua. Aliyevuta klorini akae kitako, asitembezwe, asikimbizwe, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye hata kama sasa anasema amepona. Aende hospitali, akalazwe aangaliwe. Asiyepumua asipulizwe mdomo kwa mdomo. Tumia mfuko wa kupumulia, kama upo na kuna anayejua.

Hapa ndipo boda boda wanapoingia. Kwetu ambulensi ya kwanza ni pikipiki, upende usipende. Ukiwafukuza watazunguka nyuma na kumbeba majeruhi akiwa bado ananuka sumu, wampeleke moja kwa moja Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na wauguzi waanze kukohoa. Nimeacha kuwafukuza. Nawapa mstari wa chokaa, nje ya eneo la kuoshea, na kiongozi wao mwenyewe anausimamia: mgonjwa aliyeoshwa amefungwa utepe wa kijani, asiye na utepe hapandi pikipiki. Mtu mmoja wa kikosi anapiga simu hospitali mapema aseme ni gesi gani, wangapi, wameoshwa au bado. Na 999 au 112 ilishapigwa zamani, dakika ile ya kwanza, kabla ya lolote.

Wakazi wa demani nao wanataka jibu: wakae ndani au waondoke? Nyumba ya ukuta yenye madirisha ya kioo, wafunge, waingie chumba cha ndani, wazibe chini ya mlango kwa nguo mbichi. Nyumba ya mabati yenye mwanya kati ya ukuta na paa haizuii chochote, kwa hiyo hao ndio unaoanza kuwahamisha, kwa ubavu wa upepo. Mjumbe wa Nyumba Kumi anajua ni nyumba ipi ina mgonjwa kitandani, wewe hujui.

Zoezi kubwa, na ufunguo

Baada ya wiki 2 tunafanya zoezi moja kamili. Hawaambiwi siku. Nalifanya jioni, kiza kikiingia, kwa sababu hapo upepo unalala na kila kosa linajitokeza: redio zisizochajiwa, tochi moja kwa watu 8, kiongozi asiyevaa fulana ya rangi hivyo hajulikani. Naweka pia "ndugu wa majeruhi", mwigizaji wa kanisani mwenye sauti, kazi yake ni kulia na kuvunja kamba aingie. Kuna askari mgambo alimkaba kweli; tukasimamisha zoezi, tukaongea juu ya jinsi ya kumshika mtu mabegani na kumpa kazi, mathalani aandike majina ya waliokuwa ndani. Anayajua kuliko wewe.

Likiisha, hakuna anayeondoka mpaka barakoa zimeoshwa kwa sabuni na kuanikwa kivulini, mitungi imepimwa na ile iliyoshuka imewekwa lebo nyekundu ya kupelekwa kujazwa kesho yake, na jina la atakayeipeleka limeandikwa. Hapo nafikiria ule mtungi wa zamani, sitaki kusema uongo.

Mara moja, kwenye kikosi cha mtaa kilichofuzu vizuri kabisa, nilipiga simu ya zoezi saa mbili usiku. Walikuja wote 14 ndani ya dakika 9, wakajipanga nje ya stoo, wakasimama. Kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa Siaya matangani, simu imezimwa. Walisimama pale wakiitazama kufuli ile, tepe zao mikononi zikipepea. Siku hizi ufunguo unaning'inia kwenye kisanduku cha kioo getini, bawabu wa usiku ana wa pili, na kila Jumatatu mtu fulani anaingiza ufunguo kwenye kufuli na kuifungua, kuona kama bado unazunguka.